Je, Mnunuzi Naye Aweza Kuiba?



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo dogo, nalo ni bakuli la kachumbari. Pengine mtu atasema, "Je, waandishi wamekosa habari, hata watuletee mambo ya vitunguu na nyanya?" Twamwomba avumilie kidogo. Kwa maana wengi wetu huingia kanisani mara moja au mara mbili kwa juma, bali sokoni huenda karibu kila siku, au humtuma mtoto. Na ikiwa imani ya mtu haina neno la kumwambia asimamapo mbele ya fungu la nyanya, basi haina neno la kumwambia katika sehemu kubwa ya maisha yake.

Kachumbari yenyewe kila mtu aijua. Mama hukata vitunguu vyembamba, huvifikicha kwa chumvi na kuvisuuza ili ukali upungue. Kisha hukata nyanya ngumu, na tango, na karoti. Akiwa na kabichi huikata nyuzinyuzi. Hukamulia ndimu, na asiye na ndimu hutia maji ya ukwaju, ambao humea wenyewe katika pori letu. Pilipili hutiwa kando kwa ajili ya wakubwa. Chakula hiki hakitaki mkaa wala kuni, nacho huwafanya watoto waule ugali wa uwele au wa mtama kwa furaha zaidi. Neno moja tu halina budi kukumbukwa: mboga zote zioshwe vema kwa maji safi yaliyochemshwa, kwa sababu kitu kisichopikwa huja mezani pamoja na uchafu wa mikono yote iliyokishika njiani.

Basi, uchafu wa mikono hiyo twauosha. Lakini mikono yenyewe twaifikiri?

Nchi yetu ya kati ni kavu. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na kukoma mwezi wa Aprili. Miezi iliyobaki mashamba ya Ugogo huwa vumbi, isipokuwa penye mabwawa na visima. Kwa hiyo bakuli letu limetoka mbali. Nyanya nyingi zimepanda kutoka Ilula na sehemu nyingine za Iringa, kwa njia ya Mtera. Vitunguu vimetoka Singida. Kabichi na karoti pengine zililimwa Mgeta, katika milima ya Uluguru, kisha zikaletwa kwa lori usiku. Mkulima, mpakizi, dereva, mwenye kuuza kwa jumla, kila mmoja ameshika na kupata chake. Wa mwisho katika mlolongo huo ni mama aketiye chini sokoni juu ya gunia. Huyu huamka kabla ya alfajiri, hununua tenga la nyanya kwa fedha aliyoazima pengine, huzichagua, huzipanga mafungu, hulipa ushuru, kisha hungoja. Tena mali yake si kama misumari au sabuni, ambayo isiponunuliwa leo itanunuliwa mwezi ujao. Nyanya ikilala siku mbili katika joto hulainika, nayo huitwa masalo, ikauzwa kwa bei ya kutupa. Kila saa ipitayo, mali ya mama huyu hupungua mbele ya macho yake, naye hawezi kuizuia.

Sasa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe. Jumamosi moja, jua likikaribia kutua, sisi tuandikao habari hii tulikuwa katika soko la Majengo hapa Dodoma, tukitafuta vitu vya kachumbari kwa chakula cha Jumapili, kwa kuwa wageni wangekuja. Tukamwona mama mmoja mtu mzima, amebakiwa na mafungu machache. Tukamwamkia, "Mbukwenyi, mama," naye akaitikia vema. Kwa nyanya, vitunguu na matango mawili alitaka shilingi 3,000. Tukatoa 1,500. Akashuka mpaka 2,500. Tukafanya kama watu wanaokwenda zao, kama ilivyo desturi, akatuita. Tukasema, "Elfu mbili, wala hatuongezi." Akasema, "Mwanangu, niongezee hata nauli." Nasi tukamjibu, "Jua limetua, mama, na kesho zitaoza." Akazitazama zile nyanya, akazitia katika mfuko, akapokea 2,000.

Tulirudi nyumbani tumefurahi. Tuliwaambia wa nyumbani jinsi tulivyopata vitu vya elfu tatu kwa elfu mbili, wakatusifu. Asubuhi yake kanisani palikuwa na mchango kwa ajili ya wahitaji, nasi tulitoa shilingi 1,000. Hapo, mkono ukiwa ungali juu ya kapu la sadaka, wazo likatujia: hii elfu moja ni ile ya jana. Basi aliyeitoa sadaka hii ni nani, ni sisi au ni yule mama?

Tangu siku ile swali hili halikutuacha. Twajua sana kwamba muuzaji aweza kuiba. Mizani ya uongo hukatazwa katika Maandiko, na mtoto wa mafundisho ya Kipaimara ajua hivyo. Lakini mnunuzi je? Mtu aliyetoa fedha yake mwenyewe mbele ya watu, kwa bei iliyokubaliwa, aweza kuitwa mwizi?

Hoja ya kwanza ya kututetea ni hii: yule mama alikubali. Hakuna aliyemshika mkono. Angaliweza kukataa na kurudi na nyanya zake. Hoja hii ina nguvu, wala hatupendi kuidharau, kwa maana biashara yote husimama juu ya kukubaliana. Walakini kuna kukubali kwa namna mbili. Mtu hukubali kwa kuwa bei yamfaa. Tena mtu hukubali kwa kuwa hana njia nyingine. Wazee wa Ugogo walilijua jambo hili kabla yetu. Katika njaa ile kubwa iitwayo Mtunya, iliyoipiga nchi hii katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia na baada yake, majeshi yalikuwa yametwaa ng'ombe, na nafaka, na wanaume wa kuchukua mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Wakati wa njaa namna hiyo mfugaji hutoa mnyama wake kwa nafaka kidogo tu, naye mwenye nafaka aweza kusema, "Alikubali mwenyewe." Ni kweli, alikubali. Lakini hakuna mzee atakayesema kwamba ile ilikuwa bei ya ng'ombe. Ilikuwa bei ya njaa. Nasi tulipomwambia yule mama kwamba jua limetua, hatukuwa tukipima nyanya zake; tulikuwa tukipima shida yake, tukaona ya kuwa ni kubwa kuliko yetu.

Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka wa 1529, akiieleza amri ya saba, hakuishia kwa mtu avunjaye mlango usiku. Alifundisha ya kuwa wizi hufika sokoni na dukani na karakanani, na kila mahali ambapo watu hupeana fedha kwa mali au kwa kazi. Tena aliwaonya kwa ukali wale walifanyao soko kuwa mahali pa kumchuna maskini, akasema kwamba kilio cha maskini huyo hakipotei bure. Ni haki kusema ya kuwa huko Luther alikuwa akiwaonya hasa wauzaji wenye nguvu, waliopandisha bei kama walivyotaka. Lakini na tujiulize: katika soko letu jioni ya Jumamosi, mwenye nguvu ni nani? Ni yule aketiye chini na mali inayooza, au ni yule asimamaye na fedha mfukoni, ambaye aweza kwenda kwa mwingine hatua tatu mbele? Onyo hilo humfuata mwenye nguvu, awe anauza au awe ananunua.

Wala si jambo geni katika nchi yetu kwamba mnunuzi huiba. Wakulima wetu walijua siku nyingi, nalo lina jina: lumbesa. Mnunuzi huja shambani, hulipa bei ya gunia moja, kisha hulijaza gunia hata midomo haikutani, hushonea juu yake kilemba cha kamba na majani, akachukua zaidi ya gunia kwa bei ya gunia. Mkulima huliona kwa macho yake, naye hukubali, kwa kuwa lori liko hapa leo na kesho haliko. Serikali imeikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo huonya juu yake mara kwa mara, kwa sababu watu wote wameona ya kuwa huo ni unyang'anyi, ijapokuwa mkulima alikubali. Basi, ikiwa tajiri wa lori akifanya hivi shambani twamwita mnyang'anyi, sisi tukifanya sokoni kwa kipimo kidogo tutajiitaje?

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, nasi twaiweka hapa kwa heshima, kwa maana ni hoja ya mama wengi katika sharika zetu. Wao husema hivi: "Mimi nami si tajiri. Fedha hii si yangu. Ni ya nyumba. Mume wangu amenipa shilingi 5,000 kwa siku ya leo, na ndani yake mna unga, mafuta, mboga, chumvi na mkaa. Nikimwachia muuzaji mia tano, nimeitwaa katika sahani ya mtoto wangu. Je, si wajibu wangu kwanza kuitunza nyumba yangu?"

Naam, ni wajibu wake. Mama apatanaye bei kwa ajili ya watoto wake hafanyi ubahili, bali anafanya kazi ya uwakili, na hatutaki mtu ye yote asome habari hii kisha akamlaumu. Tena kupatana bei kwenyewe si dhambi. Waswahili husema, "Biashara haigombi". Muuzaji hutaja bei ya juu akijua itashuka, mnunuzi hutaja ya chini akijua itapanda, na katikati yao bei ya kweli huonekana. Mara nyingi urafiki wa miaka mingi umeanza hivyo. Atakaye kuliondoa jambo hili sokoni hajui soko.

Lakini na tuangalie mpaka uko wapi. Kupatana kwa haki hutafuta thamani ya kitu: nyanya hizi ni ndogo, jana zilikuwa rahisi, jirani yako anauza kwa kiasi fulani. Maneno haya ni juu ya nyanya. Kupatana kwa dhuluma hutafuta udhaifu wa mtu: jua limetua, huna nauli, zitaoza. Maneno haya si juu ya nyanya tena. Mama mwenye 5,000 anayeomba apunguziwe kwa sababu kwake ni haba, amesema kweli juu ya haja yake, na mara nyingi muuzaji, akiwa mama kama yeye, huongeza nyanya moja au mbili juu ya fungu bila kuombwa. Wenye shida wawili wamesaidiana. Lakini sisi siku ile hatukuwa na haba. Tungaliweza kulipa 3,000 wala mgeni wetu asingalikosa kitu. Tulishuka kwa sababu iliwezekana kushuka.

Na jambo hili limekuwa kubwa zaidi katika mji huu. Neno la kuifanya Dodoma makao makuu lilikatwa mwaka wa 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa wingi tangu mwaka wa 2016, na mwaka wa 2018 mji ukawa jiji. Watu wa mishahara wameongezeka, na maduka yenye milango ya vioo yameongezeka. Mtu huingia katika duka hilo, huona bei imeandikwa juu ya kopo, huilipa kimya bila kuuliza kama yaweza kupungua. Kisha hutoka, huvuka barabara, akakutana na mama wa mchicha, na hapo ndipo hodari wake wa kupatana huamka. Kwa mwenye nguvu twalipa yote aliyotaja, kwa asiye na nguvu twakata theluthi. Tukiulizwa sababu, twasema ni desturi. Waswahili walisema kweli kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Hoja ya tatu ni kwamba wauzaji nao ni wadanganyifu. Huweka nyanya nzuri juu na masalo chini; hupaka maji mchicha wa jana uonekane wa leo. Hoja hii ni kweli mara nyingi, nasi tumeyaona. Muuzaji afanyaye hivi huiba, wala umaskini wake haumpi ruhusa, na mwalimu wa kanisa asiogope kumwambia. Lakini wizi wa mmoja haulipwi kwa kumwibia mwingine. Ukidanganywa na mama wa jana, huwezi kumdai mama wa leo. Mnunuzi ana haki ya kufungua fungu, kulitazama chini, na kurudisha iliyooza. Atumie haki hiyo kwa uwazi, kisha alipe.

Kuna kisa kimoja cha kale ambacho chatufaa hapa. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, naye alikufa mwaka wa 430, alieleza katika kitabu chake juu ya Utatu ya kuwa mwigizaji mmoja aliwaahidi watu kuwaambia yaliyomo mioyoni mwao wote. Walipokusanyika akawaambia kwamba kila mmoja wao hutaka kununua rahisi na kuuza ghali. Watu wakashangilia, kwa kuwa waliona amesema kweli. Lakini Augustino hakukubali kwamba ni kweli kwa watu wote. Alisema amjua mtu aliyeletewa kitabu kununua. Mwenye kukiuza hakujua thamani yake, akataka bei ndogo sana. Naye mnunuzi, bila kuulizwa, akamlipa bei iliyostahili. Mtu huyo hakutajwa jina. Lakini alionyesha ya kuwa tamaa hiyo si sheria ya maumbile tusiyoweza kuivunja. Mtu aweza kuona mlango wa faida uko wazi asiingie, kwa kuwa mlango huo ni ujinga wa mwenzake, au shida yake.

Basi, tufanye nini sisi wenye kununua nyanya? Hatuwezi kuandika bei ya haki hapa, maana hubadilika kwa majira na kwa siku. Nyanya za kiangazi si nyanya za masika. Lakini tumejiwekea mashauri machache katika nyumba yetu, nayo twawashirikisha.

La kwanza, tukitaka kupunguza matumizi, tupunguze bakuli kabla ya kumpunguza mtu. Nyanya zikiwa ghali, kachumbari yaweza kuwa ya kabichi na karoti, na nyanya moja tu kwa rangi. Vitunguu vikipanda bei, tango na ndimu hutosha. Zabibu za hapa kwetu zikiwa nyingi, watoto huzipenda zikichanganywa na kabichi iliyokatwa vyembamba na karanga zilizotwangwa. Na siku ambayo hakuna kitu, mlenda uko, nao si aibu mbele ya mgeni ye yote. Mama ajuaye kubadili bakuli lake hana haja ya kumkamua muuzaji.

La pili, tupatane kwa maneno ya nyanya, si kwa maneno ya shida. Neno la "zitaoza" tumelifukuza vinywani mwetu.

La tatu, bei tuliyoweza kuilipa asubuhi tusiikatae jioni kwa sababu tu jua limetua. Ikiwa mali imelainika kweli, bei ishuke kwa ajili ya mali. Ikiwa ingali nzuri, saa peke yake si sababu.

La nne, tusilipe sadaka kwa fedha ya maskini. Ni heri kumwachia mama wa sokoni stahili yake siku ya Jumamosi kuliko kumtolea mchango siku ya Jumapili, akapewa kama mhitaji ile fedha iliyokuwa ujira wake. Apokeapo bei yake, hurudi nyumbani akiwa mfanyakazi aliyelipwa. Apokeapo mchango, huinamisha kichwa na kushukuru kwa kitu kilichokuwa chake.

Walimu wa mafundisho waweza kulitumia jambo hili wafikapo amri ya saba. Wawaulize wanafunzi, si "Nani amewahi kuiba?" kwa maana wote watanyamaza, bali wawaulize, "Nani ametumwa sokoni juma hili? Ulisema nini ili upunguziwe?" Twaamini mazungumzo hayatakosekana. Na katika maelezo ya ombi la mkate wa kila siku, ambamo Luther alihesabu pamoja na chakula na mavazi hata majirani waaminifu, wawakumbushe ya kuwa aliyetuuzia chakula naye huliomba ombi hilo hilo, na kwamba sisi tumewekwa kuwa sehemu ya jibu lake.

Juma lililofuata tulirudi Majengo kumtafuta yule mama. Hatukumwona mahali pake, wala Jumamosi ya pili. Jumamosi ya tatu alikuwapo. Hatukuwa na maneno mengi. Kumpa elfu moja mkononi tuliona kungemfanya mwombaji mbele ya wenzake. Tukamwamkia, tukauliza bei. Akasema elfu tatu. Tukatazama nyanya, zilikuwa nzuri, nasi tukalipa elfu tatu. Alitutazama kidogo, akaongeza vitunguu viwili juu, akasema, "Hivi ni vya watoto." Hatujui kama alitukumbuka. Deni la siku ile bado liko, na kwa kuwa hatukupata njia ya kulilipa lote, tumeona vema kuliandika hapa, ili msomaji aendaye sokoni jioni ya leo asijiwekee deni kama letu.